Anza na Kifungu cha Tafsiri

Mdogo wangu unayeanza kazi kwenye programu za usafiri, utapewa kompyuta, utaonyeshwa mifumo, na ukiuliza habari za sheria utaambiwa: "Hayo waachie wanasheria." Nami niliambiwa hivyo, nikaitikia.

Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa kumbukumbu za safari. Tulihifadhi kila kitu: abiria kapandia wapi, kashukia wapi, saa ngapi. Njia ya kufuta hatukuweka, kwa kuwa hakuna aliyeiomba. Siku mwanasheria alipouliza taarifa za mteja mmoja zinafutwaje, tukabaki kutazamana. Namba ya mteja ilishajipenyeza kwenye malipo, kwenye malalamiko, mpaka kwenye nakala za akiba. Kazi ambayo mwanzoni ingekuwa ya siku mbili ilitula miezi. Huko Ulaya haki ya kufutiwa taarifa imo ndani ya GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2018, na faini yake yaweza kufika euro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato ya kampuni ya mwaka duniani kote, kutegemea ipi ni kubwa.

Lakini ukishika sheria usikimbilie faini. Soma kifungu cha tafsiri, kile kinachoeleza maana ya maneno ya sheria na ambacho wengi hukiruka, kwa kuwa humo ndimo unamopewa jina. Uber, kampuni ya programu ya kuita magari, ilijieleza kuwa kazi yake ni kuwakutanisha dereva na abiria tu. Desemba 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema hiyo ni huduma ya usafiri, hivyo nchi wanachama zikawa huru kuidai leseni kwa sheria zao za usafiri. Kwenye programu yenyewe hakuna kilichoguswa.

Jina la dereva nalo lina uzito wake. California ilipitisha sheria ya AB5 mwaka 2019, ikafanya iwe vigumu kumwita mtu mkandarasi, yaani anayejitegemea badala ya kuwa mwajiriwa. Novemba 2020 wapiga kura wakawatoa madereva wa programu humo kwa Proposition 22, pendekezo la sheria lililopigiwa kura. Uingereza ilikwenda upande mwingine: Februari 2021 Mahakama ya Juu iliamua kuwa dereva yuko kazini muda wote anapokuwa amewasha programu, yumo ndani ya eneo la leseni yake na yuko tayari kupokea safari. Sasa wewe mhandisi, kama mfumo wako unarekodi safari tu, hayo masaa ya kusubiri utayatoa wapi?

 

Siku hizi, kabla sijachora jedwali lolote la kuhifadhi taarifa, naomba nusu saa na mwanasheria. Huniuliza maswali ninayoyaona ya kitoto: tarehe ya kuzaliwa ya mteja unaitakia nini? Mara mbili nimekosa jibu, nikaiondoa.