Mandhari za Grant Wood

Ndugu, umeuliza kama Grant Wood alichora chochote cha maana mbali na American Gothic, ile picha maarufu ya mkulima aliyeshika uma wa kuzolea nyasi. Naam, alichora, na kwa maoni yangu mandhari zake ndizo zinazostahili kutazamwa kwanza.

Alizaliwa mwaka 1891 shambani karibu na Anamosa, jimbo la Iowa, Marekani, na baba yake alipofariki mwaka 1901, mama alihamia Cedar Rapids pamoja na watoto. Ulaya alikwenda mara kadhaa, na huko Munich mwaka 1928 alivutiwa na wachoraji wa kale wa kaskazini mwa Ulaya, ambao hata jani dogo walilichora kwa uangalifu mkubwa. Aliporudi, uangalifu huo akauelekeza kwenye vilima vya kwao. Itazame picha yake ya mwaka 1930 ya Stone City, kijiji cha karibu na Anamosa: miti imeviringana kama mipira, barabara inateremka hadi darajani, na mbele kabisa miche ya mahindi imesimama kwa mistari, mmoja mmoja, kana kwamba imehesabiwa. Wapo wanaosema ni ndoto tupu, kwa kuwa wakulima wa wakati ule walielemewa na madeni. Mimi naona humo kumbukumbu ya mtoto aliyeliacha shamba akiwa na miaka kumi tu.

Mwaka 1932 alishiriki kuanzisha kambi ya wasanii papo hapo Stone City, iliyodumu misimu miwili ya kiangazi, na kuanzia 1934 akafundisha Chuo Kikuu cha Iowa. Alifariki Februari 1942, akazikwa Anamosa.