Soli zilibaki Ngong, sasa ninunue buti gani?

SWALI: Habari yako anko. Mimi ni wa Umoja, tuko na kagrupu ketu ka kutembea, wikendi ni Karura ama Longonot, na Disemba tunataka kupanda Mlima Kenya na njia ya Naro Moru. Nilichukua buti ya ngozi kwa mtumba, 3,500, safi kabisa kama haijawahi kuvaliwa, kumbe! Juu ya Ngong soli zote mbili zikang'oka, zikavunjika kama keki ya juzi, nikarudi nimezifunga na kamba. Fundi wa viatu akasema hakuna mahali pa kushonea. Sasa ninunue mpya? Na hii maneno ya buti haiingii maji ni ukweli ama ni ya kuuza tu?

JIBU: Pole dadangu, na huyo fundi hakukudanganya. Kati ya ngozi na ile raba inayogusa chini kuna tabaka kama sponji, kwa buti nyingi ni poliyurethani (aina ya plastiki), na hio kitu inaliwa polepole na unyevu wa hewa hata kama kiatu kimelala tu kwa boksi. Baada ya miaka kadhaa inakuwa unga. Ndio maana buti inayong'aa inaweza kuwa mbaya kuliko ile imechakaa, hio "safi kabisa" yako labda ilikaa kwa kabati ya mtu Ulaya miaka kumi.

Mtumba si mbaya, mimi bado naenda Gikomba, lakini siangalii ngozi kwanza. Kunja buti kwa nguvu, bonyeza hio sponji na ukucha, angalia pembeni. Ukiona mistari kama ya tope lililokauka, ama inanata, ama unga unabaki kwa kidole, rudisha hata akikupunguzia hadi mia tano. Angalia pia lebo ndani ya ulimi, nyingine huwa na tarehe ya kutengenezwa.

Mambo ya maji ni ukweli, lakini nusu. Gore-Tex na wenzake ni utando wenye vitundu vidogo sana, tone la maji halipiti lakini mvuke wa jasho unapita. Ukitoboka, basi. Ukifika nyumbani weka buti kwa beseni, maji yafike kwa kifundo, ndani tia tishu, ngoja kama dakika ishirini (muuzaji hawezi kukubali hii, usijaribu kumuomba). Na hakuna utando utazuia maji yanayoingia na juu, na hio njia yenu iko na kinamasi kinaitwa Vertical Bog, utaingia hadi muundi, so tafuta geita (kifuniko cha kitambaa cha kuziba juu ya buti) na buti yenye ulimi umeshonwa pembeni hadi juu. Ya Longonot peke yake singekuambia ununue ya utando, joto itakumaliza.

Jaribu jioni miguu ikiwa imevimba, na soksi nzito. Sukuma vidole mbele, kidole kimoja cha mkono kiingie nyuma ya kisigino, ju kushuka kutoka kilele cha Lenana huko Mlima Kenya, mita 4,985, ndiko kucha hutoka, si kupanda.

Ikilowa jaza magazeti, usianike karibu na jiko, gundi itaachia.

Na hio ya zamani usitupe, ngozi bado iko poa. Ile soli iliyovunjika ndio haishoneki tena, lakini wapelekee mafundi wa akala wakuwekee nyingine ya tairi, itakufaa ushago.