Jaji wa uraia alinikatiza kila nilipojibu. Nifanyeje?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Edmonton, Kanada. Niliomba uraia, afisa akazitilia shaka siku zangu za kuwepo nchini, na wiki iliyopita nikaitwa mbele ya jaji wa uraia. Tangu nilipokaa alinisemesha kama mtoto. Kila nikianza kujibu ananikatiza. Nilipotoa taarifa za benki alizisukuma pembeni bila kuzitazama, kisha akasema watu wa kwetu tuna tabia ya kuficha safari. Nilinyamaza kwa woga. Uamuzi bado haujatoka. Nina la kufanya, au ningoje tu?
Msomaji, Edmonton

JIBU: Pole sana dada. Usingoje. Muda huu kabla uamuzi haujatoka ndio wenye thamani kuliko wote, na wengi huupoteza kwa kudhani kulalamika kutamkasirisha jaji.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Ukali wa sauti, haraka, uso uliokunjwa na maswali ya kuchimba vinaumiza, lakini peke yake haviangushi uamuzi. Jaji wa uraia ana haki ya kukuhoji kwa kina, kwa sababu mzigo wa kuthibitisha siku ni wako. Yaliyo na uzito kisheria ni mengine: kunyimwa nafasi ya kujibu, ushahidi kukataliwa bila kusomwa, na maneno yanayoonyesha kwamba amekwisha kukuhukumu kwa asili yako. Kwa maelezo yako, yote matatu yametokea.

Kipimo cha mahakama za Kanada ni hiki: je, mtu mwenye busara na anayezijua habari zote, akilitazama jambo kwa utulivu, angeona kuna uwezekano mkubwa kwamba mwamuzi hakuamua kwa haki? Huhitaji kuthibitisha yaliyomo moyoni mwa jaji. Mwaka 1999, katika kesi ya Baker, Mahakama ya Juu ya Kanada ilisoma maandishi ya afisa wa uhamiaji kuhusu mama kutoka Jamaika. Afisa alikuwa ameandika baadhi ya maneno kwa herufi kubwa, akitaja kwamba mama huyo hana kazi na anategemea msaada wa serikali, na akataja idadi ya watoto wake kwa namna ya kulaumu. Mahakama ilisema maandishi hayo yanatosha kumfanya mtu wa kawaida ashuku upendeleo, na uamuzi ukatupwa. Ndiyo maana tunasisitiza maneno yenyewe, si hisia zako kuhusu maneno hayo.

Sasa kaa chini leo hii uandike yote unayoyakumbuka: tarehe, saa uliyoingia na saa uliyotoka, nani alikuwemo chumbani, swali gani lilikatizwa na ulikuwa umefika wapi. Maneno ya jaji yaandike kwa lugha aliyoyasema, usiyageuze Kiswahili. Kama alisema kwa Kiingereza, andika Kiingereza chake hichohicho, hata kama hukumbuki sentensi nzima. Weka tarehe na sahihi chini. Usitegemee kwamba kuna kinasa sauti cha ofisi kitakachokuokoa. Mara nyingi ushahidi wa yaliyosemwa mle ndani ni hati ya kiapo ya mwombaji tu, na kiapo kinachotokana na maandishi ya wiki ileile kina nguvu kuliko kumbukumbu ya miezi mitano baadaye.

Kisha tuma barua kwa jaji kupitia ofisi iliyokuita. Ukurasa mmoja na nusu unatosha. Juu weka namba ya jalada na tarehe ya kikao. Aya ya kwanza: nilitoa taarifa za benki za kipindi fulani, hazikupokelewa, naziambatisha sasa na naomba zizingatiwe. Aya ya pili: swali fulani sikupewa nafasi ya kulimaliza, jibu langu kamili ni hili. Aya ya tatu: katika kikao yalisemwa maneno haya, yananipa hofu kwamba ombi langu halitapimwa kwa haki, naomba lipelekwe kwa jaji mwingine. Usitukane, wala usimwite mbaguzi. Yataje maneno, uyaache yaseme yenyewe.

Aya hiyo ya tatu iandike pale tu maneno yanapogusa asili, dini, rangi au jinsia, kama yako. Kwa jaji aliyekuwa na haraka tu, aya mbili za kwanza zinatosha. Kwako wewe ni ya lazima, kwa sababu moja ambayo watu hawaijui: pingamizi la upendeleo linatakiwa kutolewa mapema iwezekanavyo. Ukikaa kimya, ukasubiri, ukakataliwa ndipo ukalalamika, mahakama itauliza kwa nini hukusema, na inaweza kuhesabu kwamba uliliachia mwenyewe. Ulinyamaza chumbani kwa woga; barua ya wiki hii bado inaweza kuliponya hilo. Na usikawie: kwa kawaida sheria inampa jaji siku 60 tangu ombi lilipofikishwa kwake.

Tuma kwa njia inayoacha ushahidi wa kupokelewa, na ubaki na nakala.

SWALI: Mimi kikao changu ni mwezi ujao, na nimesikia kuna majaji wakali. Nijiandaeje nisije nikababaika?
Msomaji, Winnipeg

JIBU: Jaji mkali hukosa pa kushika kama hesabu yako imenyooka. Karibu kila anayefikishwa kwa jaji wa uraia amefikishwa kwa jambo moja: afisa hakuridhika kwamba siku zimetimia. Sheria inataka siku 1,095 za kuwepo Kanada kimwili ndani ya miaka 5 kabla ya tarehe ya ombi. Siku ulizokaa kihalali kama mkaazi wa muda, au kama mtu aliyekwisha kupewa hifadhi, kabla ya ukaazi wa kudumu huhesabiwa nusu, na jumla yake haizidi siku 365. Wengi wetu tuliopitia ukimbizi hukosea hapa kwa kuzihesabu nzima.

Siku ya kuondoka na siku ya kurudi zote ni siku za kuwepo. Ukiondoka Machi 3 na kurudi Machi 20, umekosekana siku 16, si 18 wala 17. Tengeneza jedwali la kila safari: tarehe ya kutoka, ya kurudi, nchi, sababu, na ushahidi wa kila ncha. Halafu chukua pasipoti zako zote, pamoja na iliyokwisha muda, uzipitie muhuri kwa muhuri. Angalia muhuri uliofifia hadi mwaka hausomeki. Angalia pia tarehe kama 04/05: mahali pengine ni tarehe 4 Mei, pengine ni Aprili 5, na tofauti hiyo ya karibu mwezi mzima inatosha kukufanya uonekane mwongo. Kila penye utata andika ufafanuzi wa mstari mmoja kwenye jedwali kabla hujaulizwa.

Wakala wa Huduma za Mipaka wa Kanada ana kumbukumbu za kuingia kwako. Ziombe uzilinganishe na jedwali lako. Iombe pia nakala ya jalada lako kwa idara ya uhamiaji. Ombi la taarifa zako binafsi chini ya Sheria ya Faragha halina malipo, na muda wa kisheria wa kujibiwa ni siku 30 zinazoweza kuongezwa, kwa hiyo anza sasa. Ndani yake tafuta uchambuzi ambao afisa alimwandalia jaji. Humo ndimo shaka zake zilimo, na ndimo maswali ya jaji yatakamotoka.

Ushahidi wa maisha ya kila siku upange kwa mwaka, si kwa aina: mkataba wa pango, barua ya mwajiri yenye tarehe, hati za makadirio ya kodi, orodha ya matibabu kutoka mpango wa afya wa jimbo, barua za shule za watoto, taarifa za benki zinazoonyesha manunuzi madukani. Kodi peke yake ni ushahidi dhaifu, maana mtu anaweza kuwasilisha ritani akiwa nje. Muamala wa dukani wa Jumanne fulani una nguvu zaidi. Chukua seti mbili, moja ya jaji na moja yako, kurasa zikiwa na namba.

Ndani ya chumba, ukikatizwa, subiri amalize, kisha sema kwa sauti ileile: Mheshimiwa, naomba nimalizie jibu langu. Karatasi zikikataliwa: Mheshimiwa, naomba iandikwe kwamba nimezitoa. Zifanyie mazoezi sentensi hizo kwa lugha utakayotumia siku hiyo, mpaka zitoke bila kutetemeka. Usirekodi kwa siri. Omba ruhusa kwanza. Unaweza kwenda na wakili au mshauri wa uhamiaji mwenye leseni, ila jina lake lazima liwe limekwisha wasilishwa kwenye fomu ya mwakilishi, IMM 5476.

SWALI: Mume wangu amekataliwa. Barua ya uamuzi ilifika siku 21 zilizopita. Jaji alimkejeli sana, tukaandika malalamiko, tunasubiri majibu. Tuko sawa?
Msomaji, Ottawa

JIBU: Hapana, na hapa tunaomba msome kwa makini. Malalamiko kuhusu mwenendo na mapambano kuhusu uamuzi ni njia mbili tofauti. Malalamiko huelekezwa kwa Jaji Mkuu wa Uraia, anayeongoza tume ya majaji hao. (Wengine hupeleka kwa Baraza la Majaji la Kanada; hilo linahusika na majaji wa mahakama za juu, si majaji wa uraia.) Malalamiko hayabadilishi uamuzi, wala hayasimamishi saa.

Saa yenyewe ni siku 30 tangu mlipojulishwa. Zimebaki 9. Ndani ya muda huo lazima muombe ruhusa ya Mahakama ya Shirikisho ili uamuzi upitiwe. Ada ya kufungua ni dola 50 za Kanada. Mkichelewa, mtalazimika kumwomba jaji wa mahakama aongeze muda kwa sababu maalumu, na kusema mlikuwa mnasubiri jibu la malalamiko ni sababu nyembamba mno. Tafuteni wakili kesho asubuhi. Ulizeni pia msaada wa kisheria wa jimbo.

Mahakama haitampa mume wako uraia. Itaangalia kama alisikilizwa kwa haki na kama sababu za jaji zinashikamana na ushahidi. Akishinda, ombi hurudi kwa jaji mwingine. Kwa hiyo kejeli peke yake isiwe hoja ya kwanza. Someni barua ya uamuzi na jedwali la safari pamoja, mstari kwa mstari. Kama jaji amesahau pasipoti ya pili, amejumlisha vibaya, au hakugusa kabisa hati mlizotoa, hizo ndizo hoja za mbele, na kejeli ije nyuma yake kueleza kwa nini hati hazikusomwa.

Kukataliwa uraia hakumwondolei ukaazi wa kudumu, mradi anatimiza siku 730 ndani ya miaka 5. Na kwa kawaida hakuna muda wa kungoja kabla ya kuomba upya. Kama sasa ana siku 1,095 zisizo na utata, ombi jipya linaweza kumfikisha kwenye kiapo cha uraia mapema kuliko kesi. Lakini kama jaji ameandika kwamba alidanganya, msiliache hilo bila kulipinga, maana litamfuata kwenye jalada la ombi lijalo.