Maswali ya wasomaji: jaribio lisiloanguka kamwe ni pambo

Maswali ya safari hii yanahusu kujaribu programu zinazoendeshwa kwenye terminali. Mfano wangu ni programu moja tu, `jumla`, inayosoma faili la mauzo na kutoa jumla ya fedha.

Shikamoo fundi. Nina majaribio 40 na kila siku yanapita yote. Mteja analalamika kwamba mara nyingine hapati jibu kabisa. Kosa liko wapi?

Marahaba. Kosa liko hapo hapo kwenye "kila siku yanapita yote". Fungua msimbo wa programu, mahali unapojumlisha weka kutoa, kisha endesha majaribio. Yakipita tena, huna majaribio 40, una mapambo 40. Kwenye skripti uliyoituma ugonjwa unaonekana mapema:

`./jumla mauzo.csv | tee toka.txt && echo SAWA`

Namba ya kutoka (namba ambayo kila programu huiacha ikimaliza: 0 ni salama, nyingine yoyote ni kosa) inayopimwa hapo ni ya `tee`, inayonakili matokeo kwenye faili, si ya `jumla`. Programu ikifia njiani, `tee` inaandika faili tupu, inarudisha 0, nawe unasoma SAWA na kwenda kunywa chai. Kwenye Bash unaweza kuweka `set -o pipefail` juu ya skripti. Mimi ningeachana na paipu (alama ya `|` inayopitisha matokeo ya amri moja kwenda nyingine) kabisa:

`./jumla mauzo.csv >toka.txt 2>makosa.txt`
`namba=$?`

Usichomeke kitu kati ya mistari hiyo miwili, hata `echo` ya kujiliwaza, maana `$?`, yaani namba ya kutoka ya amri iliyopita, itakuwa ya hiyo `echo`. Kisha pima yote matatu: namba ni 0, `toka.txt` inafanana na faili la majibu (majibu sahihi uliyoyaandaa mapema), `makosa.txt` ni tupu. Rudia kwa faili lisilokuwepo, na hapo mambo yageuke: namba isiwe 0, `toka.txt` iwe tupu, na malalamiko yawe ndani ya `makosa.txt`. Katika skripti yako yote sikuona hata jaribio moja la faili bovu. Mauzo ya kweli yana mistari mitupu, bei iliyoandikwa "4,500" na safu iliyosahauliwa.

Maneno "Imefaulu" kwenye skrini hayatoshi?

Hayatoshi. Skripti inayoiita programu yako haina macho. Na tafadhali msirudishe idadi ya makosa kama namba ya kutoka: nafasi yake ni baiti moja, kwa hiyo makosa 256 yanarudi kuwa 0.

Majaribio yanapita kwenye laptopu yangu, yanaanguka kwenye seva. Seva ina tatizo gani?

Swali hili linakuja kila mara, na kila mara seva inasingiziwa. Angalia mambo matatu kabla ya kuniandikia tena.

La kwanza ni mpangilio wa herufi. Ukipanga majina kwa `sort`, mazingira ya `LC_ALL=C` yanaweka "Zuberi" mbele ya "asha" kwa sababu herufi kubwa zinatangulia; mazingira ya Kiingereza cha Marekani yanamtanguliza asha. Weka `export LC_ALL=C` mwanzoni mwa majaribio, ubishi uishe.

La pili ni saa. Laptopu yako iko saa tatu mbele ya UTC (saa ya kimataifa), seva nyingi ziko UTC yenyewe. Kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku, kwako ni leo na kwa seva bado ni jana. Jaribio linalosoma tarehe ya leo litaanguka usiku na kupona asubuhi, na mtasema limerogwa. Weka `TZ=UTC`, au bora zaidi ipe programu tarehe kama hoja.

La tatu ndilo linalowashinda wengi: root, mtumiaji mkuu asiyezuiwa na ruhusa za faili. Unafanya `chmod 000 mauzo.csv`, kuliondolea faili ruhusa zote, ukitarajia programu ikatae kulisoma. Kwako inakataa. Ndani ya kontena la Docker, ambamo usiposema vinginevyo unakuwa root, faili linasomeka bila shida, na jaribio lililotarajia kukataliwa linaanguka. Endesha majaribio kwa mtumiaji wa kawaida. Kuliruka jaribio hilo ni kulificha tu.

Nitumie Bats au niandike skripti yangu mwenyewe?

Majaribio matano, skripti. Yakizidi hapo, Bats, zana ya majaribio ambayo amri yake `run` huendesha programu na kuhifadhi namba ya kutoka kwenye `$status` na matokeo kwenye `$output`. Ila `run ./jumla mauzo.csv | grep Jumla` si kitu: paipu iko nje ya `run`, na `$status` inapotelea humo. Andika `run` peke yake, kisha pima `$output`. Kumbuka pia kwamba `$output` huchanganya mkondo wa kawaida na wa makosa, mpaka useme `--separate-stderr`.

Programu inafanya kazi kwa kata zote isipokuwa Chang'ombe. Orodha naipitisha kwa xargs, inayoipa programu maneno ya orodha kama hoja.

Kwa `xargs`, alama ya ng' ni alama ya nukuu. Kwa Chang'ombe, Lang'ata au Ng'ambo inakuta nukuu iliyofunguliwa bila kufungwa, inapiga kelele na kuacha kazi. Hiyo ni bahati yako. Ipe Ng'ang'a: nukuu ziko mbili, inazifuta kimyakimya na kutoa "Nganga" bila kosa lolote, na mtu wa watu amebadilishwa jina. Tumia `tr '\n' '\0' <kata.txt | xargs -0 -n1 ./jumla`. Anayeandika programu kwa majina ya kwetu aweke ng' kwenye majaribio tangu siku ya kwanza, na aiweke mara mbili: ' iliyonyooka na ’ iliyopinda, ambayo simu huipachika yenyewe na kwenye UTF-8 inakula baiti tatu.

Diff, amri ya kulinganisha mafaili, inasema mistari ni tofauti, mimi naiona sawa.

`od -c toka.txt` itakuonyesha kila herufi. Ukiona `\r`, alama ya mwisho wa mstari ya Windows, faili limepitia huko. Kwenye `.gitattributes` andika `majaribio/*.txt -text` ili Git iache kuyagusa.

Matokeo yakibadilika, naruhusiwa kunakili mapya juu ya faili la majibu?

Baada ya kusoma `diff -u` mstari kwa mstari, ndiyo. Skripti inayonakili yenyewe kila jaribio linapoanguka ni mwanafunzi anayesahihisha mtihani wake. Na msilinganishe kwa `"$(./jumla a.csv)"`: `$( )` inakata mistari mitupu yote ya mwisho, kwa hiyo programu ikisahau mstari mpya au ikiweka mitano, jaribio linapita vilevile. Andika kwenye faili, tumia `cmp` inayolinganisha baiti kwa baiti.

Jaribio linaganda, halimaliziki.

Linasubiri uandike kitu. Weka `</dev/null` (ingizo tupu), na mbele ya amri `timeout 10`. Ukipata namba 124, muda umekwisha.

Nitajaribuje diski iliyojaa bila kujaza diski ya ofisi?

Hatimaye swali zuri. Kwenye Linux kuna `/dev/full`, kifaa ambacho kila ukikiandikia kinajibu kwamba nafasi imekwisha. Endesha `./jumla mauzo.csv >/dev/full; echo $?`. Ikitoka 0, programu yako inaapa imeandika jumla ambayo haipo popote. Walioandika kwa C ndio hukutwa zaidi: `printf` inaweka maneno kwenye akiba ya kumbukumbu na kosa linajitokeza wakati wa kufunga. Pima jibu la `fclose(stdout)`.