"Hadi" iliyoniweka getini siku mbili: kwa wageni wa meza ya mauzo

Jumatatu hii mmoja wenu ameniletea rasimu ya barua ya kudai malipo. Namba ya ankara ipo, kilo zipo, jina la mteja halijakosewa, na kwa mtu wa wiki ya tatu hapa kiwandani hilo ni la kupongezwa. Nikafika mstari wa mwisho: "Kindly pay us until 30th." Nikavua miwani, nikacheka peke yangu. Kosa hilo nalifahamu. Niliwahi kulinunulia chakula siku mbili.

Naandika mara moja, mkae nayo. Nimechoka kusahihisha vineno vya Kiingereza vya herufi mbili, "by", "in", "on", "to", kila asubuhi wakati sangara wako kwenye barafu.

1. "Kwa" yetu ina kazi nyingi kuliko mama ntilie siku ya mshahara. Tunakwenda kwa gari, tunakata minofu kwa kisu, tunauza kwa dola, tunaandika kwa Kiingereza, tunaongea kwa simu, tunasubiri kwa siku tatu, tunakwenda kwa daktari. Neno moja tu, wala halidai posho. Mwingereza kazi hiyo kaigawa kwa watu sita: "by car", "with a knife", "in dollars", "in English", "on the phone", "for three days", "to the doctor". Hesabu vizuri, "in" anapiga zamu mbili. Kwa hiyo sentensi yako ikifika kwenye "kwa", simama kwanza ujiulize kama ni usafiri, kifaa, sarafu au muda.

2. "Hadi". Hapa mnivumilie.

Nilikuwa na miezi miwili kazini. Mteja mmoja wa Ulaya alitaka minofu mibichi, ile ya kupelekwa na lori hadi Nairobi ikapande ndege. Samaki hatukuwa nao. Upepo ulikuwa umechafuka ziwani, na boti za kukusanya zilikuwa hazijarudi kutoka visiwani. Jumatatu asubuhi bosi akapita mezani kwangu na kikombe chake cha chai: "Mwandikie, hadi Alhamisi mzigo utakuwa chumba cha baridi." Nikaandika kwa kujiamini kabisa: "The fillets will be in the chill room until Thursday." Nikaisoma mara mbili. Safi. "Hadi" ni "until", ndivyo nilivyofundishwa shuleni, na mwalimu wetu alikuwa na fimbo.

Sasa isomeni kama mteja. Kwake yeye samaki wameshakatwa, wamo chumbani, na Alhamisi ndiyo mwisho wa kukaa humo. Mzigo mbichi kila siku inayopita ni hasara, kwa hiyo mtu wa watu hakulala. Akampigia wakala wake, wakala akakamata nafasi ya ndege ya Jumatano usiku, lori la friji likatoka Nairobi, likavuka mpaka wa Sirari gizani, na Jumanne saa nne asubuhi lilikuwa getini kwetu linanguruma. Sisi ndani tulikuwa na barafu na visu.

Bosi akaniita, akanigeuzia skrini. Nikajitetea, "Lakini si nimeandika hadi Alhamisi, bosi?" Heri angefoka. Alichukua kikaratasi, akaandika "by", akakibandika kwenye kompyuta yangu, kisha akaenda kuzungumza na wakala kuhusu nafasi ya ndege itakayolipiwa ikiwa tupu. Kiasi kilicholipwa sikuambiwa. Niliambiwa tu kwamba kuanzia saa hiyo dereva ni mgeni wangu.

Alikuwa Mkenya, mtu mzima, mpole, na tumbo lake lilikuwa halina utani. Siku mbili nilimnunulia ugali na sato kwa mama wa pale getini, mchana na usiku, kwa pesa yangu. Jumanne usiku, tumekaa kwenye maboksi pembeni ya tairi, akaniuliza ilikuwaje. Nikamweleza nikiwa nimeinamisha kichwa. Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akasema: "Kijana, ukiniambia nipakie until Alhamisi, napakia leo, napakia kesho, ikifika Alhamisi naacha. Ukiniambia nipakie by Alhamisi, hata nikimaliza jioni hii tumemalizana." Miaka yote ile ya darasani, fimbo juu, na somo limeniingia chini ya lori kwenye harufu ya dizeli.

Boti zikarudi Jumatano. Alhamisi mchana mzigo ukawa chumba cha baridi, kama bosi alivyosema. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: hatukuchelewa hata saa moja.

Basi, jambo linaloendelea mpaka siku fulani likome, "until". Jambo la mara moja lisilotakiwa kupita siku hiyo, "by". Kulipa ankara ni mara moja. Mteja anayelipa "until 30th" anatulipa leo, kesho na keshokutwa mpaka tarehe 30. Mkimpata wa hivyo, nileteeni nimpikie mwenyewe.

3. Ndani ya siku 3 ni "within 3 days". Ukisema "in 3 days" anaelewa siku 3 zikishapita.

4. Bei ikishuka "by 5 dollars" imepungua dola 5, ikishuka "to 5 dollars" sasa ni dola 5. Hapa mkikosea, getini mtalala wenyewe.

5. Kuna vitenzi mnavibebesha mizigo visivyoitaka: "discuss about", "emphasize on", "we request for your patience". Futa "about", futa "on", futa "for". Halafu vile vinavyoidai mnaviacha mikono mitupu: "We are waiting your payment." Ni "waiting for". Nawaelewa, kitenzi chetu humeza kila kitu tumboni: kungojea, kutegemea, kusikiliza, kumjibu. Wao wanasema "wait for", "depend on", "listen to", "reply to". Kamusi nzuri, ukitafuta kitenzi, inakuonyesha mwenzake palepale.

6. "-ni" ya mwisho wa neno nayo ina kazi nyingi kama "kwa". Mezani ni "on the table", chumbani ni "in the room", getini ni "at the gate". Kwenye vyombo vya usafiri nilirithi kanuni moja: unapoweza kusimama na kutembea ndani ni "on", unapoingia kwa kukunja mgongo ni "in". Kwa hiyo "on the ferry", "on the plane", lakini "in a car", "in a canoe". Mfano wa kivuko zamani ulikuwa unawaingia haraka watu wa Sengerema. Tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe mwaka 2025 wanapita juu ya maji, kilomita 3, bila hata kushuka garini, na mfano wangu umebaki na watu wa kisiwa cha Ukerewe. Kuna aliyeniuliza kuhusu kipanya, ile daladala ndogo, cha Igoma, maana mle unakunja mgongo, shingo na heshima yako yote. Hata hivyo ni gari la abiria lenye njia yake, kwa hiyo ni "on". Sikuitunga mimi.

7. "Sorry for the delay", siyo "on". "In the morning", "at night", lakini "on Monday morning". "Different from": mtasikia Mwingereza akisema "to" na Mmarekani akisema "than", ninyi bakini na "from". Na aliyeandika kwenye maombi ya kazi "I am good in English", ni "good at". Tulikuchukua hivyohivyo kwa sababu ya hesabu.

Mwenye rasimu ya tarehe 30, karatasi yako iko mezani kwangu, ina duara moja jekundu. Irekebishe, iondoke kabla ya saa kumi. Ukija kuichukua pitia kwa yule mama wa getini, bado yupo, uniletee chapati mbili.