Jibu: Majaribio napata 90, mbona jumla ni 61?

Habari ndugu. Umesema majaribio ya kila wiki ya Saikolojia unapata 90, ila jumla inasoma 61. Anza na mwongozo wa kozi, uone uzito wa kila kazi. Yalinikuta hayo: majaribio yalibeba asilimia 20 tu, mijadala 30, na miwili niliyoiruka iliwekewa sifuri kimyakimya. Hata kuandika "nakubaliana nawe" tu kwenye mjadala hakukunipa kitu; mwalimu alitaka mfano, mathalani mbwa wa mwanasayansi Pavlov (aliyezoea kudondosha mate kwa ishara ya chakula) ukimlinganisha na panya wa mwanasaikolojia Skinner (aliyejifunza kubonyeza kitufe apate chakula). Kwa uzito huo, 90 yako ni alama 18 tu kwenye jumla. Ukikuta sifuri, mwandikie mwalimu leo leo. Kama anapokea kazi zilizochelewa au la, hapo jibu analo yeye.