Miche ya sabuni ya Bujumbura

Ujiji, Kigoma

Mwanangu Zuhura,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema mkwe wangu anataka mhamie kwao Bujumbura na watoto, na unaniuliza maisha bora yako wapi, Burundi au Tanzania. Unataka nikupe bei ya unga, ada na hospitali. Bei za huko mumeo anazijua kuliko mimi. Mimi nakwambia lile nililokuwa nikiwaambia tangu mko wadogo: nchi ipime usiku. Mchana kila mji una soko na kicheko. Usiku ndipo unapojua mlango ukigongwa moyo wako unatulia au unaruka.

Bujumbura ya kwanza kuiona mimi ni ya mwaka 1984. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha lakini maduka yalikuwa matupu, tunafua kwa majani ya mpapai. Sisi watu wa Kigoma mawese tunayo, sabuni tungejipikia wenyewe, ila kostiki haikupatikana. Nikamfunga kaka yako Hamisi mgongoni, bado ananyonya, nikapanda boti Kibirizi usiku na magunia mawili ya dagaa. Milima ya Gombe tuliipita gizani, Kagunga kukapambazuka, na kutwa nzima tukaambaa na pwani ya Burundi. Taa za Bujumbura niliziona kabla sijauona mji. Zuhura, zilikuwa zimepangana mpaka mlimani! Nilimgeuza Hamisi azione, naye hata hakujua anaonyeshwa nini.

Shangazi yangu Mwamini alikuwa Buyenzi, unamkumbuka. Kule ni Kiswahili chetu, kanga zetu, watoto wanatoka chuoni na juzuu kwapani. Ungedhani umetoka Ujiji ukaingia Ujiji, isipokuwa Ujiji hii ina mkate na chai ya maziwa. Asubuhi akanipeleka soko kuu. Miche ya sabuni imepangwa kama matofali ya kujengea, na hakuna foleni! Nikanunua ishirini na vitenge viwili, na shangazi akaniongezea miche kumi, hakutaka hata faranga moja.

Nikamwambia, "Shangazi, nyie ndio mnaoishi." Hakujibu. Nikamuuliza mbona nyumba ya mbele ina wanawake watupu, akaniwekea kidole mdomoni. Ilikuwa imepita miaka 12 tangu mauaji ya 1972, na hakuna aliyeutaja mwaka ule kwa sauti.

Wakati wa kurudi, karibu na Kibirizi tukaona tochi ufukweni. Siku zile za msako wa wahujumu uchumi, mche wa sabuni wa magendo ulikuwa kesi. Nahodha akasema tupeni. Nikatupa kwa mikono yangu, mche mmoja mmoja, yote thelathini. Vitenge nilijifunga ndani ya gauni, vikapona, na kimoja ndicho nilichokubebea wewe. Lakini ile sabuni! Usiku ule niliichukia nchi yangu, nakuambia kweli. Nchi gani inamfanya mama atupe sabuni majini na nepi za mwanawe zinanuka?

Halafu nikafika nyumbani, mlango tulikuwa tunauegesha tu kwa kigogo, nikalala mpaka jua likanipiga usoni.

Oktoba 1993 wakamuua Rais Ndadaye wa Burundi, hajamaliza hata miezi minne madarakani. Siku chache baadaye shangazi Mwamini akatokea uani kwetu na wajukuu wawili na kanga moja. Wewe una miaka sita, ndiye uliyempelekea maji ya kunawa. Akakuuliza, "Mjukuu wangu, sabuni ipo?" Shangazi Mwamini huyo, anaomba sabuni. Wakati huo maduka ya Ujiji yalikwisha jaa. Nikakimbia nikamletea miche kumi. Aliihesabu, akalia. Sikumbuki kama tulisema neno.

Lakini nisikutishe kwa ya zamani, maana hiyo nayo si haki. Kule tangu mwaka 2006 serikali yao ilitangaza kuzaa bure, na matibabu bure kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Huku pia wanasema bure, na wewe ulipojifungua wa pili tulikimbizana kutafuta glavu. Na sisi tumekaa gizani miaka mingapi na majenereta? Mwaka 2024 ziwa letu la Tanganyika lilifungwa miezi mitatu lisivuliwe, wavuvi wakaishi kwa madeni. Siwezi kusema huku ni peponi.

Ila kule petroli ni ya foleni siku hizi. Na ardhi, mwanangu. Burundi nzima ni ndogo kuliko mkoa wetu wa Kigoma, nayo ina watu zaidi ya milioni 10, sisi kwenye sensa ya 2022 hatukufika hata milioni 2 na nusu. Mumeo ana kaka wangapi wa kugawana nao kile kilima cha baba yao? Wewe hapa una michikichi yako Simbo. Na mwaka 2015, wala si zamani, nilikwenda bandarini kupika uji, meli ya Liemba ilipokuwa inawatoa Kagunga watu waliokimbia Burundi na kipindupindu kimeingia. Niliona mama amebeba mtoto kwa shuka.

Unaona, nimeanza tena. Unataka niseme nenda au baki, na mdomo unaniwasha, Zuhura. Ninalo jibu, na mumeo akiniuliza ana kwa ana sijui kama nitaweza kulizuia. Lakini ndoa ni yako, na mkwe wangu hajawahi kunikosea. Basi kwanza nendeni wawili, watoto waleteni kwangu. Laleni wiki nzima katika nyumba hiyo anayotaka kukuweka, si hotelini. Ukiamka usiku, usiwashe simu, sikiliza. Kisha niandikie ulichosikia.

Na mjukuu wa shangazi aliyerudi Buyenzi mchukulie miche kumi ya sabuni. Najua kwake ipo. Mpelekee tu.

Mama yako